Bi Geuza na Stuli za Jirani

Jina lake halisi lilibaki kwenye hati ya mshahara tu. Kwingine kote alikuwa Bi Geuza. Walimu ndio waliompachika jina hilo, likatembea kutoka shule hadi shule, likaingia ofisini kwake, na mwisho mume wake mwenyewe akateleza ulimi siku moja akamwita hivyo mbele ya wageni. Mwanamke huyu alikuwa mkaguzi wa shule za sekondari. Popote alipoingia, kabla hajaketi, alikishika kiti alichokaribishiwa, akakipindua miguu juu, akainama kutazama chini yake. Huko ndiko shule huandika herufi zao kwa rangi, ili kiti kikipotea kijulikane kwao ni wapi. Mwalimu mkuu aliyempokea kwa kiti cha kuazima alikuwa amekwisha habari yake hata chai haijamiminwa.

Tabia hiyo aliirithi kwa baba yake, fundi cherehani. Mteja akileta nguo ya kurekebishwa, mzee hakujisumbua na upande wa nje. Aliigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono taratibu. "Kwa nje kila fundi anajitahidi," alimwambia binti yake. "Wewe nionyeshe pale alipodhani hakuna atakayetazama." Mtoto akakua akigeuza kila kitu kilichomfikia mkononi. Ila kumtilia shaka kila binadamu anayepumua hakufundishwa na baba. Hilo alijifunza kazini, tena kwa aibu.

Alipoanza ukaguzi alikuwa msichana mwenye bidii na imani tele. Akatumwa shule moja, akaonyeshwa maabara yenye vioo vinavyometameta na mizani iliyopangwa kwa mstari, akarudi ofisini akaisifu shule ile mpaka wino ukamwishia. Mkubwa mmoja wa wizara akavutiwa na sifa zile, akaenda kujionea bila taarifa. Alikuta chumba cha kuwekea fagio, na ndani yake kuku analalia mayai. Vifaa vyote vilikuwa vya kuazima, vimekwisha kurudi kwa wenyewe siku nyingi. Ofisini walimcheka mwaka mzima. Akiingia mlangoni asubuhi, mmoja wao alikuwa haachi kulia kama kuku. Alijifungia chooni akalia machozi ya kweli, kisha akanawa uso na kuapa kwamba hatadanganywa tena na mwalimu yeyote chini ya jua.

Na kweli, hakudanganywa. Alijua darasa ambalo wanafunzi wote hunyoosha mikono, wanaojua ule wa kulia na wasiojua ule wa kushoto, ili mwalimu ajue wa kumchagua. Alijua maktaba yenye safu moja ya vitabu mbele na magazeti makuukuu nyuma. Alijua rangi mpya ya ukutani inayoishia pale macho ya mgeni yanapoishia. Walimu waliomvisha kilemba cha ukoka aliwaacha wamalize, halafu akaomba funguo za stoo. Wenzake wakaacha kumcheka wakaanza kumwogopa, na yeye akaona hiyo ndiyo heshima.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yale yale. Sokoni alimwaga ndoo nzima ya nyanya ili aone za chini. Mume wake, mtu mcheshi aliyestaafu posta, alipenda kuwasimulia wageni kwamba siku ya harusi bibi harusi alipindua kitanda kwanza. Wageni walicheka, na Bi Geuza alicheka nao. Kilichokuwa hakichekeshi ni habari ya binti yao. Binti alipokuwa sekondari alirudi siku moja na alama za juu za hesabu, akaiweka karatasi mezani bila kusema kitu, akisubiri. Mama mtu aliisoma, kesho yake akaenda shuleni kuuliza nani alikuwa amekaa karibu na mtoto siku ya mtihani. Alama zilikuwa za mtoto mwenyewe. Tangu hapo binti hakuleta tena karatasi nyumbani mpaka aulizwe, na sasa yuko kwake, ameolewa, akipiga simu huongea na baba yake.

Ndipo serikali ilipotangaza mageuzi ya sekondari. Akaletwa Mkurugenzi mpya wa kuyaongoza, mtu mwenye sauti nzuri na viatu visivyojua vumbi, akawakusanya wakaguzi wote ukumbini. Alisema zama za mwanafunzi kunakili ubaoni zimekwisha. Sasa mwanafunzi ashike, apime, akosee, arudie. Serikali itaongoza njia, shule zifuate. Shule ambayo haifundishi kwa vitendo itanyang'anywa madarasa yake mawili ya juu, na wanafunzi wake watapelekwa kwenye shule kubwa za bweni zenye vifaa. "Nyinyi ndio macho ya serikali," aliwaambia. Mkaguzi aliyeketi karibu na Bi Geuza akamnong'oneza kwamba mageuzi yamempata mwenyewe, naye hakutabasamu. Alikuwa akitazama kiti cha Mkurugenzi. Alikwisha kuyaona mageuzi ya majembe, na mageuzi ya taipureta, na yote yalikuja na hotuba nzuri kama hii na yote yakaishia stoo. Lakini kutumwa ni kutumwa, na kazi ya kuwashika waongo hakuwahi kuikataa.

Miongoni mwa shule alizopewa kulikuwa na shule moja ya kutwa nyuma ya machimbo ya kokoto. Vumbi la mawe lilitua kwenye kila kitu pale, hata kwenye nyusi za walimu. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke wa makamo anayeongea polepole mno hata wanafunzi wakamwita Mama Pole. Alimpokea mgeni bila shamrashamra. Hakuna maua mezani, hakuna kwaya. Bi Geuza akaanza kushuku papo hapo, maana shule isiyojiandaa kwa mkaguzi hajawahi kuiona, na ile inayojifanya haikujiandaa ndiyo hatari zaidi.

Akapelekwa maabara. Somo lilikuwa linaendelea, na mwalimu hata hakugeuka. Wanafunzi walikuwa wamekaa kwenye stuli, vikundi vikundi, wakipima jinsi waya unavyorefuka ukining'iniziwa uzito. Kundi moja lilikuwa linabishana kwa sauti. Msichana mmoja mwembamba, ambaye mkono wa miwani yake ulikuwa umefungwa kwa uzi mweusi, alikuwa akimwambia mwalimu kwamba jibu la kwenye kitabu na jibu la waya wao hayapatani.

"Umepima sawasawa, Miwani?" mwalimu aliuliza.

"Mara tatu, mwalimu. Waya unatupa namba ile ile."

Mwalimu alikuna kichwa. "Basi hata mimi sijui. Badilisheni waya, mrudie, tuone nani ana makosa."

Bi Geuza alisimama pale mlangoni akiwa amekunja uso. Mwalimu gani husema hajui mbele ya mkaguzi? Katika maisha yake yote hajamsikia hata mmoja. Akajiambia kwamba huu sasa ni ufundi wa hali ya juu. Wamepanga hata makosa! Wamemfundisha mtoto abishe, wamemfundisha mwalimu ajikune kichwa. Karibu awapigie makofi. Akasogea mpaka kwenye stuli iliyokuwa wazi, akaishika mguu, akaigeuza.

Herufi za chini zilikuwa nyekundu, na hazikuwa za shule ile. Akageuza ya pili, nyekundu. Akamwinua mwanafunzi mmoja, akageuza ya kwake, nyekundu vilevile. Akainua mizani. Nayo ilikuwa na herufi zile zile, za shule ya jirani, ile iliyo ng'ambo ya barabara kuu. Bi Geuza alisikia ile raha yake ya siku zote ikimpanda kifuani, raha ya mtu aliyejua tangu mwanzo.

"Mwalimu Mkuu," alisema, "hebu nieleze."

Mama Pole hakubabaika, ila sauti yake ilizidi kuwa ndogo. "Tunagawana, Bi Mkaguzi. Wao walikuwa na stuli na mizani, hawakuwa na mwalimu wa fizikia. Sisi tulikuwa na mwalimu, hatukuwa na kitu. Mwanzo wa wiki vitu viko huku, mwisho wa wiki viko kwao, na mwalimu wetu anavifuata huko."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Hatukuomba ruhusa. Tungeomba, tungeambiwa mali ya serikali haihami, na mpaka leo tungekuwa tunasubiri jibu."

Bi Geuza akacheka kidogo, kwa pua. "Kugawana" ndilo neno walilolitumia wote. Hata wale wa kuku walisema wanagawana. Hapo yule msichana wa miwani akanyoosha mkono, akasimama bila kuruhusiwa.

"Ni kweli, mama. Sisi wenyewe ndio tunazisukuma kwa mkokoteni. Jumatatu asubuhi tunazileta, Alhamisi jioni tunazirudisha. Njoo Alhamisi uone."

Alisema kwa ufasaha, macho makavu, bila kigugumizi hata kimoja. Ni ufasaha huo uliomponza. Bi Geuza alijua mtoto aliyekaririshwa anavyoongea, na aliyekaririshwa vizuri ndivyo anavyoongea. Hata mwaliko wa Alhamisi ulimnukia njama, maana siku uliyoalikwa ndiyo siku uliyoandaliwa. Akainama kutazama sakafu. Saruji ilikuwa imelika mashimo madogo madogo, manne manne, safu kwa safu, pale miguu ya stuli inaposimama na kukwaruza. Aliyaona. Tena aliyagusa kwa ncha ya kiatu. Kisha akajiambia kwamba yatakuwa ya zamani, akafunga mkoba.

Lakini mtu wa haki ni mtu wa haki, na yeye alijihesabu hivyo. Hakutaka kumhukumu mwenzake bila kusikia upande wa pili. Akamwambia dereva avuke barabara moja kwa moja, bila kumpigia mtu simu, wakaingia shule ya jirani wakati mwalimu mkuu wake anakula ndizi ofisini. Alikuwa mwanamume mnene mwenye kutoa jasho hata kukiwa na baridi. Alipomwona aliyeingia, ndizi ikamkwama kooni.

"Stuli zako na mizani yako viko wapi?" Bi Geuza aliuliza, bado amesimama.

Ukitaka kumwelewa mtu huyu, jiweke kwenye kiti chake. Mbele yake amesimama Bi Geuza, mwenye kufukuzisha watu. Akisema kweli, kwamba mwaka mzima amekuwa akihamisha mali ya serikali kwenda shule nyingine bila karatasi ya mtu yeyote, kazi hana. Akisema hajui vilipo, ni mzembe, pengine mwizi. Lakini liko kosa la tatu, kosa dogo, linalojulikana, ambalo kila mwalimu mkuu amewahi kulifanya na hukaripiwa tu yakaisha. Akalikimbilia hilo kama mtu anayekimbilia mwavuli.

"Nisamehe, Bi Mkaguzi," alisema akijifuta shingo. "Waliniomba niwaazime kwa leo tu. Kwa ajili ya ugeni wako. Nikaona haya kuwanyima."

"Kwa leo tu?"

"Leo tu. Kesho vinarudi."

Bi Geuza alimshukuru kwa ukweli wake. Alimwambia kabisa, kwamba laiti walimu wote wangekuwa wakweli kama yeye. Mtu yule alitazama ganda la ndizi mkononi mwake.

Maneno aliyoandika hayakuwa mengi. Vifaa vya kuazima kwa siku moja, somo la maonyesho, wanafunzi wamekaririshwa majibu. Wizara haikuhitaji zaidi. Madarasa mawili ya juu ya shule ya machimboni yakafungwa, na barua ikasomwa kwenye mkutano wa wazazi, neno kwa neno, Mama Pole akiwa ameketi mbele mikono mapajani. Waliokuwa na uwezo wa kwenda bweni mbali wakaenda. Bi Geuza alisikia habari hizo juu juu tu, akiwa tayari yuko shule nyingine anapindua kiti kingine. Usiku alilala usingizi mzito.

Muhula mmoja ukapita, Mkurugenzi akawaita tena ukumbini. Safari hii sauti yake ilikuwa nzuri vilevile ila viatu vilikuwa na vumbi kidogo. Alikiri kwamba serikali haiwezi kuipa kila shule maabara yake. Haiwezi leo, na haitaweza kesho. Kwa hiyo amebuni njia mpya: shule jirani zigawane vifaa, zigawane na walimu. Alilitamka neno kugawana kana kwamba limezaliwa asubuhi hiyo kinywani mwake.

"Ila sitaki kuanza na karatasi," alisema. "Nitafutieni hata shule mbili ambazo zimejaribu zenyewe, kwa akili yao. Walimu wao waje hapa, waeleze kwa mdomo wao wenyewe. Hizo ndizo zitaongoza, na kama zilifungiwa madarasa, nitayafungua mwezi huo huo. Hakuna atakayeadhibiwa."

Bi Geuza alikaa mpaka ukumbi ukabaki mtupu. Kitu kilimkwaruza ndani, akakisukuma chini. Aliyekiri ni mwalimu mkuu wa jirani mwenyewe, kwa kinywa chake. Mtu hukiri kosa ambalo hakulitenda? Akajijibu kwamba hapana, akaenda nyumbani. Mume akamuuliza mbona leo ameinywa chai bila kunusa maziwa.

Wiki iliyofuata alikuwa safarini kwenda mbali, na barabara kuu ikapita kati ya zile shule mbili. Ilikuwa Alhamisi. Hakuichagua, ilitokea tu. Dereva akapunguza mwendo kwa sababu ya mkokoteni uliokuwa unavuka. Ulikuwa umepakiwa stuli miguu juu, zimefungwa kamba, herufi nyekundu zikitazama mbinguni. Wanafunzi wa madarasa ya chini walikuwa wanausukuma, mabega yamelowa jasho, wakitaniana. Mmoja alikuwa amekumbatia mizani kifuani kama mtoto mchanga.

"Simama," Bi Geuza alisema.

Alishuka, akabaki amesimama kando ya gari. Kwa mara ya kwanza alitazama kitu akakosa pa kukigeuzia. Maonyesho ni ya mtazamaji, na hapa mtazamaji hakuwepo. Hakuna aliyejua kwamba atapita. Yale mashimo ya sakafuni yakamrudia machoni, manne manne, safu kwa safu. Hayakuwa ya zamani. Aliona aibu kali kuliko ile ya kuku, kwa sababu ya kuku alitendewa, na hii aliitenda.

Wanafunzi nao wakaiona nembo ya wizara kwenye mlango wa gari. Kicheko kikakatika.

"Mnazipeleka wapi, wanangu?"

"Kuchomelewa, mama," aliyekuwa mbele alijibu haraka. "Zimevunjika."

Hakuna hata moja iliyokuwa imevunjika.

Bi Geuza aliahirisha safari. Alimkuta Mama Pole maabara, anafuta meza kwa kitambaa kikavu, vumbi la kokoto likitua nyuma ya mkono wake. Chumba kilikuwa hakina hata stuli moja. Bi Geuza akamweleza yote: maneno ya Mkurugenzi, madarasa kufunguliwa, kutoadhibiwa. Alieleza kwa pupa, kama mtu anayeuza kitu.

"Twende mimi na wewe na mwenzako wa ng'ambo," alisema. "Mkaseme mnavyogawana. Basi."

Mama Pole aliendelea kufuta. "Sisi hatugawani, Bi Mkaguzi."

"Nimeuona mkokoteni barabarani."

"Zilikuwa zinapelekwa kuchomelewa."

"Mwalimu, dada yangu, nakusihi. Siku ile uliniambia mwenyewe."

"Siku ile nilikudanganya. Umeandika hivyo." Akakikunja kitambaa vizuri, pembe kwa pembe. "Mwenzangu ana watoto wanne. Nikienda kusema tumegawana mwaka mzima bila ruhusa, halafu maneno ya Mkurugenzi yageuke kesho, nani atamlisha yeye na wanawe? Wewe?"

"Hayatageuka."

"Unaamini hivyo?" Mama Pole aliuliza, na hapakuwa na kejeli hata chembe. Alitaka kujua kweli.

Bi Geuza aliyaona tena majembe, akaziona taipureta. Hakuweza kusema anaamini.

Alibakiwa na mtu mmoja. Yule msichana alisimama mbele ya darasa zima akasema kweli bila kuogopa, na aliyesema kweli mara moja atasema tena. Akija mbele ya Mkurugenzi na miwani yake ya uzi, nani atambishia? Na madarasa yakifunguliwa, wa kwanza kufaidika ni yeye. Akauliza anakaa wapi. Akaambiwa hakwenda bweni, nyumbani ana bibi asiyeweza kutembea bila kushikwa, na mchana yupo dukani kwa fundi cherehani, mtaa wa pili kutoka machimboni.

Kesho yake akaenda. Duka lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana. Miwani alikuwa ameinamia cherehani karibu na mwanga, anaunga sketi za sare, rundo la zilizokwisha likiwa mezani kando yake. Ule uzi wa kwenye miwani ulikuwa sasa wa bluu, uzi wa kushonea sare. Alipoinua kichwa akamtambua mgeni mara moja. Akasimama, akamwamkia kwa adabu zote, akampa stuli.

Bi Geuza aliikalia bila kuigeuza. Akaeleza tena, safari hii polepole. Alisema alikosea. Neno hilo hakuwahi kumwambia mtu, hata mume wake, hata binti yake mwenyewe. Alisema anahitaji aje mjini siku moja tu, aseme yale yale aliyosema maabara, kuhusu Jumatatu na Alhamisi na mkokoteni, na shule yao itarudishiwa madarasa.

Msichana alisikiliza mpaka mwisho. Ilionekana wazi kwamba alitaka. Mkono wake ulikuwa umekaza pindo la sketi mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Akatazama nje ya dirisha, kule vumbi la machimbo lilikokuwa limesimama hewani juu ya paa la shule.

"Nikisema, Mama Pole atapata shida?"

"Mkurugenzi amesema hapana."

"Na wewe unasemaje, mama?"

Bi Geuza akachelewa kujibu. Hakuchelewa sana, lakini mtoto yule alikuwa mpimaji. Alichukua sketi, akakaa tena kwenye cherehani.

"Mimi nilikaririshwa, mama," alisema kwa upole. "Barua ilisomwa mbele ya bibi yangu. Nilikaririshwa."

"Si kweli. Ulisema kweli siku ile, na mimi nakuamini."

Miwani akaweka kidole juu ya gurudumu la cherehani, akalizuia lisizunguke.

"Ungeniamini siku ile," alisema.

Kisha akaliachia gurudumu, akakanyaga, na sindano ikaanza kazi. Bi Geuza alibaki amekaa. Kwa kukosa la kufanya, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye rundo la mezani, ukachukua sketi ya juu na kuigeuza ndani nje. Alipitisha kidole kwenye mshono, kuanzia kiunoni mpaka kwenye pindo. Ulikuwa umenyooka wote. Akairudisha mahali pake, akaikunja kama alivyoikuta, akaenda zake.